Kumpima Mhusika wa Kigiriki Kwenye Filamu

Kikundi cha maigizo Bagamoyo kikitaka kupandisha jukwaani visa vya Wagiriki wa kale, kisianzie kwenye filamu. Gawa ukurasa wa daftari safu mbili: masimulizi ya kale, na filamu. Jaza mambo manne tu: wazazi, adui, kosa, kifo.

Mchukue Heracles, shujaa ambaye filamu humwita Hercules. Zeus, mfalme wa miungu, alimzaa nje ya ndoa na Alcmene, binadamu. Hera, mke wa Zeus, kwa wivu akamtumia nyoka wawili angali mchanga, naye akawanyonga kwa mikono. Katuni ya Hercules (1997) inamgeuza Hera kuwa mama mzazi mwenye upendo, na uadui wote anabebeshwa Hades, mungu wa wafu. Ni filamu ya watoto, kwa hiyo uzinzi hautajwi, wala Heracles kuua wanawe mwenyewe. Nafasi ya kosa ikibaki tupu upande wa filamu, chimba hapo.

Wengi hukwama kwa kudhani masimulizi ya kale ni mamoja. Euripides, mwandishi wa tamthilia, anauweka wazimu uliomfanya Heracles awaue wanawe baada ya zile kazi 12 ngumu alizopewa. Apollodorus, msimulizi mwingine wa kale, anauweka kabla. Andika jina la mwandishi pembeni, la sivyo mtailaumu filamu bure. Menelaus, mfalme wa Sparta na mume wa Helen, je? Filamu ya Troy (2004) inamuua; kwa mshairi Homer anarudi Sparta na Helen wake. Hapo hakuna ubishi.