Kuendesha Commodore 64 kwenye kompyuta ya leo kwa kutumia VICE

VICE ni programu huria, chini ya leseni ya GPL, inayoigiza kompyuta za Commodore. Ndani yake mna emuleta kadhaa: x64sc ni ya Commodore 64 ya mwaka 1982, x128 ni ya Commodore 128, xvic ya VIC-20, xpet ya PET. Kuisakinisha hakuna ugumu. Watu hukwama kwenye mambo matatu: ROM (faili za programu ya ndani ya mashine asilia), chaguo la PAL au NTSC (mifumo miwili ya picha za televisheni), na kiendeshi cha diski. Mwongozo huu unakaa zaidi hapo.

Hatua ya 1: Sakinisha

Kwenye Windows, pakua faili ya zip, ifungue yote kwenye folda moja, kisha endesha x64sc.exe iliyo ndani ya folda ya bin. Usiitoe x64sc.exe peke yake ukaihamishia kwenye eneokazi. Hutafuta ROM kwenye folda za jirani, na ikizikosa haiwaki.

Kwenye Debian (Linux), VICE iko sehemu ya contrib ya hazina ya vifurushi, si main. Ongeza contrib kwenye vyanzo vya apt, kisha:

sudo apt update
sudo apt install vice

Hatua ya 2: ROM

Emuleta ni huria, lakini ROM za Commodore bado zina hakimiliki. Zip ya watengenezaji huja nazo. Kifurushi cha Debian hakina, ndiyo maana x64sc hufa mara tu unapoiita. Kwa matoleo ya VICE kuanzia 3.7 unahitaji faili nne, na majina yawe hivi hivi:

kernal-901227-03.bin, baiti 8192
basic-901226-01.bin, baiti 8192
chargen-901225-01.bin, baiti 4096
dos1541-325302-01+901229-05.bin, baiti 16384

Tatu za kwanza ziende /usr/share/vice/C64, ya nne /usr/share/vice/DRIVES. Neno ni kernal, kwa a. Anayelisahihisha liwe kernel atahangaika bure. Hakiki ukubwa kwa ls -l: faili iliyopungua hata baiti moja haifai.

Kama hutaki kabisa kugusa ROM za watu, zipo emuleta nyingine zenye mbadala huru. Emuleta ya Atari ST iitwayo Hatari hufanya kazi na EmuTOS, ambayo nayo ni GPL. openMSX, ya kompyuta za MSX, huja na C-BIOS, ila C-BIOS haina BASIC (lugha ya kuandikia programu) wala diski, hivyo utaendesha katriji tu. Kwa ZX Spectrum, Amstrad iliruhusu ROM zake zisambazwe pamoja na emuleta, kwa hiyo Fuse, emuleta yake, haisumbui upande huu.

Hatua ya 3: Washa na ujaribu

Endesha x64sc. Skrini ya bluu itoe 38911 BASIC BYTES FREE na READY. Andika:

10 PRINT "HABARI"
20 GOTO 10
RUN

Kusimamisha, bonyeza Esc, ndiyo RUN/STOP. Page Up ni RESTORE, Tab ni CTRL, na Ctrl ya kushoto ni kitufe cha Commodore. Ukitafuta alama ya nukuu ukapata kitu kingine, nenda Preferences, Settings, halafu Keyboard. Symbolic hukupa herufi iliyochapwa kwenye kibodi yako. Positional hufuata mpangilio wa C64, ambako nukuu ni Shift na 2. Kwa kuandika BASIC chagua Symbolic.

Hatua ya 4: PAL au NTSC

PAL huchora mistari 312, kila mmoja ukichukua mizunguko 63 ya prosesa. NTSC ni mistari 263 ya mizunguko 65. Programu nyingi za C64 hupima muda kwa kuhesabu mistari hiyo. Ile ya PAL ukiiendesha kwenye NTSC, muziki hukimbia kwa takriban asilimia 20 na picha huanza kumeta, kwa sababu muda wa kumaliza kazi kabla ya fremu inayofuata umepungua.

Kujua uko wapi, andika:

PRINT PEEK(678)

Jibu 1 ni PAL, 0 ni NTSC. Badilisha kwenye Settings chini ya Machine, au uanze na x64sc -pal au x64sc -ntsc. Hapo hapo angalia chipu ya sauti ya SID. Sauti za kurekodiwa zikisikika kwa mbali mno, uko kwenye 8580, rudi 6581.

PAL hutoa fremu 50.125 kwa sekunde. Kwenye monita ya hezi 60, picha zinazosogea zitashtuka-shtuka, na hilo si kosa la emuleta. Monita ikikubali hezi 50, iweke huko.

Hatua ya 5: Diski

Faili ya D64, yaani nakala ya diski nzima, kwa kawaida ina baiti 174848. Ikiwa na 175531 nayo ni nzima. 683 za ziada ni kumbukumbu ya makosa, moja kwa kila bloku. Ukubwa mwingine ukufanye uitilie shaka. Bonyeza Alt+8 uichague, kisha:

LOAD"$",8
LIST

Orodha hiyo hufuta programu iliyokuwa kwenye kumbukumbu, basi hifadhi kwanza. Kupakia:

LOAD"*",8,1
RUN

Ile 1 ya mwisho huambia mashine iweke faili kwenye anwani iliyoandikwa mwanzoni mwake.

Sasa kiendeshi chenyewe. 1541, kiendeshi cha diski cha C64, ni kompyuta kamili: ina prosesa yake ya 6502, RAM ya KB 2 na ROM ya KB 16. Kwa njia ya kawaida husoma mamia machache tu ya baiti kwa sekunde, hivyo michezo mingi hutuma msimbo wake ndani ya RAM ya kiendeshi ili isome haraka zaidi. True drive emulation, yaani kuigiza kiendeshi kizima, ikiwa imezimwa, hakuna prosesa ya kuupokea msimbo huo, na mchezo huganda. Iwashe kwenye Settings, chini ya Drive. Uzito wa kusubiri utaupunguza kwa Alt+W, inayoondoa kikomo cha kasi. Bonyeza Alt+W tena upakiaji ukiisha.

Mchezo ukiendelea kuganda, huenda diski asilia ilikuwa na ulinzi wa kunakili. D64 hubeba data ya sekta tu. Tafuta G64, inayohifadhi hata mpangilio wa njia (track) za diski.

Joistiki iwe port 2, ambayo michezo mingi huitumia. Port 1 hutumia nyaya zilezile za kibodi, kwa hiyo ukisogeza joistiki iliyo hapo utaona herufi zikijiandika. Alt+J hubadilishana port.

Hatua ya 6: Diski yako mwenyewe

Tumia c1541, zana ya VICE ya kutengeneza faili za diski, kwenye terminali:

c1541 -format "kazi,01" d64 kazi.d64
c1541 -attach kazi.d64 -write mchezo.prg mchezo
c1541 -attach kazi.d64 -list

Diski tupu huonyesha bloku 664. Andika majina kwa herufi ndogo: kubwa hugeuka alama za michoro upande wa C64, na hutaweza kuita faili hiyo kwa kuandika jina lake kawaida. SAVE huandika moja kwa moja ndani ya D64, kwa hiyo fanyia kazi nakala. Ukipata kosa 26, WRITE PROTECT ON, faili ya D64 imefungwa isiandikwe. Ifungue kwa chmod u+w kazi.d64, kisha uiambatishe upya.