Ripita ya redio ya ridhaa Unguja: omba masafa kwanza, mzigo uje baadaye

Kama leseni ya redio ya ridhaa, ile ya kuzungumza kwa kujifurahisha bila biashara, unayo, na alama yako ya wito inayoanza na 5H1 umeshapewa, sehemu nyepesi umeimaliza. Hapa nazungumzia ripita, mashine ya kukaa juu kilimani inayopokea sauti kwa masafa fulani na kuirusha papo hapo kwa masafa mengine, ili mwenye redio koli ya wati 5 aliyeko Fumba asikike Bububu.

Ombi hupelekwa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa kuwa posta na simu ni mambo ya Muungano. Utangazaji ndio wenye Tume yake hapa Zanzibar, na ukichanganya milango hiyo miwili utazungushwa mpaka uchoke. Usishangae mtu wa dirishani akikuuliza kituo chako kitapiga taarabu saa ngapi. Mjibu kwa upole, kisha liandike jambo hilo kwenye barua ya maombi: hakuna muziki, hakuna matangazo, hakuna biashara.

Barua ya sheha, ridhaa ya mwenye jengo au kiwanja, urefu wa mlingoti, mahali penyewe kwa vipimo vya GPS: hayo unayajua. Ukiutamani mgongo wa Masingini, kumbuka ule ni msitu wa hifadhi, wenye msitu nao wana barua yao.

Sasa tuje penye kuuma. Usinunue chochote kabla hujapewa masafa kwa maandishi. Katika bendi ya mita 2 sisi tuna 144 hadi 146 MHz, na desturi ya Kanda ya 1 ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ambayo Afrika imo, ni ripita kusikiliza kHz 600 chini ya inaporushia: ikirusha 145.700, inasikiliza 145.100. Inapokea na kurusha wakati mmoja, mara nyingi kwa antena moja. Kinachoizuia isijizibe masikio kwa sauti yake yenyewe ni dupleksa, yale makopo makubwa ya chuma yanayorekebishwa kwa masafa yako hasa. Ukipewa masafa tofauti na uliyoyabuni, dupleksa irekebishwe upya, na fundi mwenye vipimo vya kazi hiyo huokoti sokoni Darajani.

Mawakala wa mizigo wana wimbo wao: "Leta tu, karatasi zitafuata." Wangu aliuimba vizuri. Mzigo ulipofika, ankara ya muuzaji ilisema "redio" basi, kibali cha kuingiza vifaa kimeandika modeli kwa urefu wake, na afisa wa forodha akaona vitu viwili tofauti. Hapo gharama za ghala zinahesabiwa, Jumapili haina msamaha. Kwa hiyo mwambie muuzaji aandike modeli herufi kwa herufi kama ilivyo kwenye kibali, na namba ya kila kifaa, kabla sanduku halijafungwa. Nakala iwe mkononi mwako, si kwa wakala.

Malipo ni kwa kontroli namba. Ilipe mapema, maana namba huisha muda, na mtandao nao una tabia ya kulala Ijumaa mchana.

Kufunga mashine ni kazi ya fundi, ila simamia mawili. Chumvi ya bahari hula viungio vya waya wa antena, kwa hiyo vizibwe kwa utepe wa mpira. Na betri isiwe ya mapambo: waliokuwepo Unguja ilipokaa bila umeme wa gridi kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 hawahitaji kuelezwa.

Kutumia ni rahisi. Weka 145.700 au masafa mliyopewa, tofauti ya kuondoa kHz 600, na toni yenu, yaani mlio mdogo unaoifungulia ripita, tuseme 88.5 Hz, bila toni utapiga kelele peke yako. Sikiliza kwanza. Bonyeza, subiri kidogo mashine iamke, ndipo utaje alama yako. Mwenzako akimaliza, acha pengo kabla hujajibu, huenda kuna mwenye dharura. Wenye boti za watalii watakuja kuomba nafasi. Waelekeze kwenye VHF ya baharini, huku haturuhusiwi biashara.

Wapemba wasiahidiwe kitu. Kwa antena iliyo mita 140 juu ya bahari, upeo ni kama kilomita 50, na mji wa Mkoani, Pemba, ni mbali zaidi. Siku za joto na bahari shwari huenda wakatusikia, lakini hiyo ni bahati. Wao waombe ya kwao, kuanzia barua ya sheha.