Ukienda Kilwa Kisiwani na kamera, ulizia maji kwanza

Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari ya Kilwa hupwa ikaacha tope na mizizi ya mikoko wazi. Yakijaa, maji husogea hadi karibu na kuta za Gereza, ngome ya kale ya mawe kisiwani. Picha zote mbili zinafaa, lakini zinapishana kama saa sita. Basi panga na nahodha mapema, na kibali ukichukue Kilwa Masoko kabla ya kuvuka.

Halafu jua. Ukuta wa Gereza unaotazama mlango wa bahari uko upande wa kaskazini. Juni na Julai jua hupita kaskazini, ukuta ukapata mwanga na mawe ya matumbawe yakaonekana moja moja. Desemba ukuta huo huwa kivulini karibu kutwa, kwa hiyo geukia mashua na mikoko.

Kwenye simu, gusa tanga jeupe kwenye skrini kisha punguza mwanga kidogo. Lenzi ikirukiwa na maji ya chumvi, usiifute kavu: lowanisha kitambaa laini kwa maji ya kunywa. Na akina mama wanaookota chaza, tafadhali, waombe ruhusa kwanza.