SOMO: Marando (vipande vya shina vya kupandia) ya viazi vitamu kutoka kwenye kiazi kilichochipua (someni mpaka mwisho ndipo muulize)

Wiki hii nimeulizwa mara nne, mara mbili na mtu yule yule. Naandika mara moja tu. Niko Uyole, Mbeya, ambako baridi ya Juni na Julai haina mchezo. Walio Kyela au Pawaga kwenye joto wapunguze siku.

1. Chagua viazi vizima, ukubwa wa ngumi, visivyo na vitobo vya fukusi (mdudu anayetoboa viazi).

2. Beseni lililotobolewa chini, mchanga mkavu.

3. Vilaze visigusane, vifunike mchanga wa vidole viwili.

4. Hapa ndipo nilipoharibu. Mwaka juzi niliweka beseni barazani mwishoni mwa Juni, nikawa namwagilia kila asubuhi kama mchicha. Wiki ya tatu nikasikia harufu ya pombe iliyolala. Kuchimbua, kidole kikazama kwenye kiazi kama kwenye parachichi lililopitiliza. Viazi 12, kilichopona kimoja. Kumbe kiazi kinaamshwa na joto. Maji na chakula kinavyo tumboni mwake. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 15 kinalala, na ukikilowesha kikiwa kimelala kinaoza. Siku hizi naanza mwishoni mwa Agosti, beseni linakaa jikoni jirani na jiko la mkaa (jirani, si juu yake, kuna mtu alivichoma). USIMWAGILIE mpaka uone vichwa vya zambarau vikichomoza, mara nyingi upande wa kikonyo. Na usifunike kwa nailoni, inatoa jasho.

5. Chipukizi likifika urefu wa kidole, hamishia kitaluni, nusu mita kati ya kiazi na kiazi. Sasa mwagilia, kila baada ya siku tatu hivi. Weka uzio, kuku hawana adabu.

6. Wiki sita hadi nane, kata marando ya sentimita 30, vidole viwili juu ya udongo. Yalaze kivulini siku moja au mbili.

7. Mvua ikishika, panda kwenye matuta, sentimita 30 kati ya rando na rando, vifundo viwili vitatu vizame. Samadi kidogo, ukizidisha utakula matembele tu.

8. Kwangu navuna mwezi wa tano au wa sita tangu kupanda.

MASWALI

Kijana wa Mafinga: Mkuu, nikishaweka kwenye mchanga nimwagilie mara ngapi kwa siku?

Jibu: Rudi namba 4. Zile herufi kubwa sikuziweka kwa urembo.

Mjukuu wa Tukuyu: Shikamoo mama. Kwa nini nisizike kiazi chenyewe shambani kikazaa hapo hapo?

Jibu: Marahaba mwanangu, hilo ndilo swali. Kiazi mama ukikizika shambani mara nyingi kinanenepa chenyewe na kujipinda, watoto wanakuwa wachache. Pia fukusi na maradhi yaliyokuwa ndani yake yanahamia tutani. Ukikata rando juu ya udongo, fukusi wengi unawaacha chini. Ila batobato (ugonjwa wa virusi) inapita ndani ya rando, kwa hiyo shina lenye majani yaliyojikunja na kupauka ling'oe lote, usilionee huruma. Viazi vyangu sita mwaka jana vilinipa marando zaidi ya mia, maana ukikata vinachipua tena.

Fundi Makambako: Mwaka juzi wewe mwenyewe ulituambia tumwagilie kila siku.

Jibu: Niliwaambia, na vyangu vikaoza. Ndiyo maana ya somo hili.

Mama wa Iringa: Simbilisi wa watoto wangu wakipewa marando wanadhurika?

Jibu: Wanayashangilia! Wape vilele vinavyobaki, na wewe jiachie matembele laini ya karanga.

Mjukuu wa Tukuyu: Na fuko je? Bibi hupanda utupa, ule mmea wa kumfukuza, kuzunguka matuta.

Jibu: Hata mama yangu alipanda. Mimi bado natega, lakini msimu huu nitajaribu, nikuletee majibu.

Kijana wa Mafinga: Nimesoma namba 4. Ila nimeshamwagilia siku tano.

Jibu: Chimbua leo hii. Vilivyo vigumu vifute, vikae kivulini vikauke, mchanga mpya. Vilaini vitupe mbali, na usivinuse.