Namna ya kutumia "throw in the towel" bila kuchekesha watu

Ukitaka kuuelewa msemo huu, achana na kamusi kwanza, itazame kona ya bondia: ndoo, chupa ya maji, mafuta ya mgando, na taulo begani mwa kocha. Kijana akizidiwa, kocha analirusha taulo ulingoni. Maana yake: basi, tumeshindwa. (Siku hizi sehemu nyingi kauli ya mwisho ni ya mwamuzi, lakini ujumbe umefika.)

Tarehe 22 Februari 2020, Las Vegas, raundi ya 7, kocha Mark Breland alirusha taulo kumwokoa bondia wake, Deontay Wilder, asiendelee kuchakazwa na Tyson Fury. Wilder alikasirika, alitaka aachwe apigane hadi mwisho. Mimi ningemshukuru Breland, lakini hilo ni la vijiweni.

Ulingoni, basi, anayerusha ni kocha. Katika mazungumzo ya Kiingereza, anayerusha ni yule yule aliyechoka: "She threw in the towel and closed the shop." Amehangaika na duka, wateja hakuna, kodi imemshinda, kafunga.

Lazima pawe na mapambano. Aliyeacha kazi kwa sababu kapata yenye mshahara mnono hajarusha taulo lolote. Kwetu msemo ulio karibu nao ni kubwaga manyanga, au kunyoosha mikono. Kukata tamaa ni jambo la moyoni; mtu anaweza kukata tamaa na kesho akaripoti kazini kama kawaida. Taulo likirushwa, kazi imesimama.

Sarufi yake fupi: throw, threw, thrown. "Threw in the towel" na "threw the towel in" zote sawa. Usiseme "my towel", na hata wakiwa watu kumi taulo ni moja: "They threw in the towel."

Wanafunzi wangu wa jioni hupenda kuuchomeka kwenye barua ya kuacha kazi. Usithubutu! Bosi atasoma kwamba kazi imekushinda. Andika "I wish to resign", inatosha.

Kwa kumtia mtu moyo, tumia ukanushi. Jaribu hii: "Usinyooshe mikono sasa, mtihani umebaki mmoja tu." Jibu: "Don't throw in the towel now, there's only one exam left."