Mtoto wa jicho + astigmatizimu: namna ya kuvimaliza kwa operesheni moja, na maswali ya kuuliza kabla hujapanda kitandani

Hii ni kwa mtu ambaye yeye au mzazi wake ameambiwa ana mtoto wa jicho na huku miaka yote alikuwa anavaa miwani ya astigmatizimu. Maana nimeona watu wanafanyiwa operesheni, bandeji inatoka, rangi zimerudi, wanafurahi mpaka wanalia, alafu wiki ya tatu unawasikia mbona herufi bado zina kivuli, mbona taa ya pikipiki inachanika mistari. Mimi si daktari. Nimemsindikiza bi mkubwa macho yote mawili, la kwanza nilikaa tu benchi nachezea simu, la pili nilikuwa nimeshajua cha kuuliza, na matokeo hayafanani kabisa.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Mtoto wa jicho ni ukungu kwenye lenzi iliyo ndani ya jicho. Astigmatizimu kwa sehemu kubwa ipo mbele, kwenye konea, kile kioo cha juu, ambacho badala ya kuwa mviringo kama mpira kimekaa kama yai, kwaiyo mwanga haukutani sehemu moja. Sasa daktari akitoa lenzi yenye ukungu akaweka ya bandia ya kawaida, yai liko pale pale. Lenzi ya toriki ndo ile ya bandia yenye nguvu isiyo sawa, upande mmoja zaidi mwingine pungufu, ili ifidie ule upinde wa konea. Na usiogope kwamba unafanyiwa majaribio, lenzi ya bandia ya kwanza Harold Ridley aliiweka London mwaka 1949, na hii ya toriki Mjapani Kimiya Shimizu alianza nayo miaka ya 90 mwanzoni.

Anza kwa kutafuta karatasi ya vipimo vya miwani ya zamani. Angalia namba iliyoandikwa CYL, hiyo ndo silinda, yaani kipimo cha astigmatizimu yako. Ikiwa ndogo, nusu hivi au robo tatu, sioni sababu ya kutoa hela ya ziada. Ikifika 1 kwenda juu ongea na daktari, na si wachache, karibu theluthi ya wanaotolewa mtoto wa jicho wapo hapo. Ikifika 2 au 3 mimi ningesumbua mpaka nieleweke. Ila usiichukulie karatasi hiyo kama msahafu, maana silinda ya miwani inajumlisha konea pamoja na lenzi yenye ukungu, na lenzi ile inatolewa inatupwa. Ndo maana kuna mtu miwani yake inasema 2 na konea yake haina shida kubwa, na mwingine kinyume chake. Kinachohesabika ni konea, nayo inapimwa kwa mashine.

Hapo kwenye kupima ndo pa kukaa na kung'ang'ana, kuliko hata kuulizia kampuni ya lenzi. Kama unavaa kontakti lenzi unaziacha kabla, zile laini wiki moja mpaka mbili, zile ngumu wiki tatu au zaidi, kwa sababu zinakandamiza konea na mashine itapima umbo la uongo. Kama macho ni makavu, yanachoma choma, sema, utibiwe hiyo kwanza. Na upimwe konea kabla hawajakuwekea dawa ya ganzi na kukugusa jicho na kile kipimo cha urefu wa jicho, siyo baada ya hapo. Kuna na ile nyama inayotambaa kutoka kona ya jicho upande wa pua kuelekea kwenye mboni, kwa watu wa juani na vumbini, wavuvi, wakulima, bodaboda, iko kibao, na inaivuta konea ikapinda. Ikiwa imeshaingia ndani itolewe kwanza, jicho litulie, upimwe upya, la sivyo utawekewa lenzi ya kusahihisha upinde ambao kesho haupo.

Omba pia wakuonyeshe ile ramani ya konea ya rangi rangi. Astigmatizimu ya kawaida inatoka kama kipepeo, mabawa mawili yamelingana. Ukiona bawa moja limevimba kwenda chini au rangi zimekorogeka, muulize daktari kama hiyo ni konea iliyochongoka au kovu, maana lenzi ya toriki inasahihisha upinde ulionyooka, ule wa hovyo hovyo haiuwezi. Wenye mzio wa macho tangu utotoni wanaosugua kutwa nzima wawe makini hapa. Alafu swali langu la mwisho lilikuwa mmehesabu na mgongo wa konea, daktari akaniangalia juu ya miwani yake akacheka, akasema ndiyo, tunatumia fomula ya Barrett, ile hesabu ya kuchagulia lenzi ya toriki. Niliuliza kwa sababu nyuma ya konea nako kuna upinde kidogo, na tangu utafiti wa akina Douglas Koch wa mwaka 2012 inajulikana kwamba ukipima mbele tu wengine unawasahihisha kupita kiasi na wengine unawapunja.

Aina ya operesheni nayo uliza. Kwetu huku kuna ya mashine inayosaga lenzi kwa mawimbi ya sauti, tundu lake ni milimita mbili na kitu, lenzi inaingia imekunjwa inafungukia ndani. Na kuna ile ya mkono isiyoshonwa kwa uzi, tundu ni milimita sita hivi, ndo inayotumika sana kwenye kambi za macho, na msiidharau jamani, mtoto wa jicho akishakomaa amekuwa mgumu kama jiwe hiyo inaweza kuwa salama zaidi. Shida ni kwamba tundu kubwa lenyewe linalegeza konea kwenye mstari lilipopita. Jicho la kwanza la bi mkubwa lilikatwa kwa juu, na wazee wengi konea zao zimeshaanza kukaza (kupinda zaidi) kwa ubavuni, kwaiyo ukikata juu unaongezea pale pale penye tatizo. Ilibaki silinda ya 2 na nusu, miwani haikukwepeka. Hapa ndo pana ahueni kwa ambaye hela ya toriki haipo: mwombe daktari, kama inawezekana, akate kwenye upande uliokaza, kwa wazee wengi ni ubavuni upande wa sikio. Haimalizi yote ila inapunguza, na bei ni ile ile.

Kama umekubaliana na toriki jua haikai kabatini kama panadol, inaagizwa kwa namba zako, kwaiyo usipange safari ya kijijini wiki hiyo. Bima waulize mapema na wakujibu kwa maandishi, wanalipia lenzi nzima au tofauti ya bei ni juu yako.

Sasa siku yenyewe. Jicho lako ukilala chali linajizungusha kidogo kwenye tundu lake, nyuzi (digrii) mbili tatu, kwa wengine hata zaidi ya kumi, na wewe huhisi chochote. Toriki ikikaa pembeni kwa nyuzi 1 unapoteza kama asilimia 3 ya kazi yake, nyuzi 10 theluthi imeenda, nyuzi 30 ni kama hujawekewa kitu, ukipita hapo ni afadhali ile ya kawaida. Kwaiyo alama zinawekwa ukiwa UMEKAA, kichwa wima, unatazama mbali, wanagusa wino kulia na kushoto kwa konea. Nesi akamwambia bi mkubwa nakuwekea saa tatu na saa tisa, naye akauliza za Kiswahili au za Kizungu, bahati nzuri kwa alama hizo mbili ni zile zile tu. Hospitali nyingine wana kamera inayosoma mishipa ya damu ya jicho badala ya wino, sawa. Ila ukiona umeshalazwa hujawekwa wino wala hujapigwa picha, uliza kwa adabu kabla ya ganzi, hawatakula.

Baada ya hapo saa chache za kwanza ndo lenzi inaweza kuzunguka, ikipita siku ya kwanza hatari inashuka sana. Nenda nyumbani utulie, kikinga jicho usiku, usisugue, usiiname kubeba ndoo, maji ya kuoga yasiingie, matone kwa saa zake. Maumivu yanayoongezeka, jicho kuwa jekundu zaidi, au kuona kunashuka badala ya kupanda, hiyo ni kurudi hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kliniki ya Jumatatu. Na kama halina maumivu ila wiki inaisha bado kuna ukungu wa kivuli, usikubali kuambiwa utazoea kabla hawajapanua mboni wakaangalia vile vidoti vya pembeni ya lenzi viko kwenye nyuzi ngapi na vilitakiwa viwe ngapi. Ikiwa imezunguka inarudishwa, kazi fupi tu, ila ndani ya wiki chache za mwanzo kabla kile kifuko cha ndani ya jicho kinachoshika lenzi hakijaing'ang'ania.

Tusidanganyane, toriki ya kawaida inakupa mbali. Kusoma meseji na kutunga uzi kwenye sindano bado utataka miwani ya kusomea. Zipo za toriki zinazotoa mbali na karibu, bei imechangamka, na usiku baadhi ya watu wanaona maduara kwenye taa, kwa dereva wa lori mimi nisingemshauri. Na wenye lenzi iliyolegea kwa sababu ya kupigwa jichoni, au kisukari kilichoshaharibu retina, daktari akisema hapana kwa toriki msimwone mchoyo.

Mwisho wadai ile kadi yenye stika ya lenzi, aina, nguvu, namba. Bi mkubwa aliifunga kwenye pindo la kanga pamoja na hela ya sokoni, kidogo iende kufuliwa, kwaiyo ipigeni picha siku hiyo hiyo.