Kabla hujawasha kiberiti shambani

Ukisafiri kutoka Mbeya kwenda Iringa mwezi wa Septemba au Oktoba, moshi haukuachi njia nzima. Ni mashamba yanaandaliwa. Mabua yanakusanywa, yanachomwa, na jioni shamba limebaki jeusi, safi. Wakulima wenzangu, sababu za kuchoma nazijua: jembe linapita kirahisi, panya wanakimbia, na bungua aliyejificha ndani ya bua anakufa. Hata hivyo, mwaka huu naomba tupige hesabu kwanza.

Ekari ikikupa magunia 20 ya mahindi, yaani tani 2 hivi, mabua na majani yanayobaki nayo yanakaribia tani 2. Humo mna takribani kilo 10 hadi 14 za naitrojeni, kirutubisho kinachokuza mmea. Mfuko wa mbolea ya Urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Moto wa jioni moja basi unaweza kukupotezea karibu nusu mfuko wa Urea. Majivu hubaki na potashi, lakini shamba likiwa mteremkoni, mvua ya kwanza huyasomba.

Na kuna kaboni, ambayo haiuzwi dukani. Ndiyo chakula cha minyoo na vijidudu vya ardhini, na ndiyo inayofanya udongo uwe na chengachenga, unywe maji ya Desemba na kuyatunza mvua inapokatika wiki mbili katikati ya msimu. Ukiacha mabua, sehemu kubwa ya kaboni yake itarudi hewani polepole yakioza. Kidogo tu ndicho hudumu udongoni. Hicho kidogo, kikiongezwa kila msimu, ndicho kinachojenga shamba.

Ufanyeje basi? Palipo na bungua wengi, laza mabua juani wiki kadhaa, kisha yakatekate. Yatandaze kati ya mistari. Usiyafukie makavu siku chache kabla ya kupanda: vijidudu vinavyoyaozesha hunyang'anya mahindi naitrojeni, na miche huwa ya njano. Wenye ng'ombe wayalishe, samadi irudi shambani. Hapo ndipo wengi tunapokosea, samadi inakaa zizini hadi inanyeshewa na kupoteza nguvu. Mengine yatengenezee mboji: tabaka la mabua, la majani mabichi, la samadi, maji kidogo, ukigeuza kila baada ya wiki tatu. Chomeka kijiti katikati; ukikichomoa kikiwa cha moto, kazi inaendelea. Kwenye baridi ya Makete na Njombe, mboji huchelewa, kwa hiyo anza mapema baada ya mavuno.

Changanya pia mahindi na maharage, au panda marejea, mmea wa jamii ya kunde unaorutubisha udongo, sehemu inayopumzika. Kwenye miteremko tuna walimu hapa hapa kusini: Wamatengo wa Mbinga, kwa ngoro zao (kilimo cha vishimo), hulaza nyasi zilizokatwa na kuzifunika kwa udongo badala ya kuzichoma. Vishimo vinashika maji, nyasi zinaoza chini ya mazao.

Kuhusu uchachu wa udongo, ambao ni tatizo kubwa ukanda huu, usimwage chokaa kwa kukisia. Chukua udongo sehemu kama 15 shambani, kina cha sentimita 20, changanya, peleka nusu kilo kupimwa. TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo cha Mbeya, ipo jirani. Ukipanga kupanda viazi msimu huo, uliza kwanza, maana chokaa ikizidi viazi huota ukurutu.

Siku hizi wapo pia wanaokuja vijijini na mikataba ya biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni inayotunzwa kwenye udongo au miti. Isikilizeni, ila msisaini siku hiyo hiyo. Ulizeni mkataba ni wa miaka mingapi, nani anapima, na mkulima anapata sehemu gani ya fedha. Tanzania ina kanuni za biashara hiyo tangu 2022, na kituo cha taifa cha kaboni kipo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Afisa ugani na serikali ya kijiji wahusishwe.

Mwisho ni moto wa jirani. Mabua uliyoyatandaza yanashika haraka, kwa hiyo safisha barabara ya moto (ukanda usio na majani wa kuzuia moto) ya mita 3 kuzunguka shamba kabla ya Agosti kuisha, na upate siku ya kukaa na wa mpakani mwako mkubaliane.